Gari Linunuliwe kwa Macho ya Masika

Katika wilaya zetu za Mbinga na Nyasa, fedha ya kahawa huingia wakati wa kiangazi. Katika miezi hiyo barabara zote huwa kavu, na kila gari huonekana zuri. Hapo ndipo watu wengi wenye akiba hufunga safari kwenda mjini kununua magari. Mvua zikianza, yapata mwezi wa Desemba, ndipo hujulikana ni nani aliyenunua gari na ni nani aliyenunua rangi.

Sisi tunaoandika safu hii ni wapenzi wa magari, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini mapenzi yasiyo na hesabu yameziingiza nyumba nyingi katika madeni. Fedha ya msimu mzima wa kahawa, au ya miaka kadhaa ya kuuza usipa na mpunga, si fedha ya kuchezea. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe walisema kweli. Kwa gari hatuna budi kuchagua, tena kuchagua sana, kwani jembe likivunjika hununuliwa mpini, lakini gari likivunjika huweza kuuza shamba.

Jambo la kwanza la kutazama si gari bali ni barabara. Lami ya kutoka Songea hadi Mbinga, na ile ya kilomita 66 hivi inayoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zimebadili fikira za wanunuzi. Siku hizi kijana hutamani gari dogo la Kijapani, jepesi, lisilotumia mafuta mengi. Hatumlaumu. Kwa mtu ambaye nyumba yake na kazi yake viko kando ya lami, gari kama Toyota IST au Probox ni uamuzi wa busara. Lakini mkazi wa Ngumbo hana budi kujiuliza swali jingine. Ngumbo iko mwambaoni, katika njia inayotoka Liuli kuelekea Lituhi, na huko gari hukutana na mchanga, makorongo na vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Gari ambalo tumbo lake li karibu na ardhi litapita mwezi wa Agosti likiimba, na mwezi wa Februari litalala njiani.

Jambo la pili ni fundi na spea. Wanunuzi wengi huuliza gari limetembea kilomita ngapi, nao huamini tarakimu wanayoonyeshwa. Sisi twashauri waulize kwanza: fundi wa karibu analijua? Spea zake zapatikana Mbinga au Songea, au ni lazima ziagizwe Dar es Salaam? Gari la kifahari lenye mitambo mingi ya umeme, likisimama mahali ambapo hakuna chombo cha kuipima mitambo hiyo, hugeuka kuwa banda la kuku. Ama kuhusu kilomita, tarakimu huweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali ya breki na kiti cha dereva havisemi uongo. Vilivyochakaa vimefanya kazi.

Wazee wetu walijifunza somo hili kwa taabu. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokula fedha za kigeni, magari mapya na spea viliadimika nchini kote. Hata baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, gari lilibaki kuwa kitu cha wachache. Katika miaka ile gari lililodumu ni lile ambalo fundi wa kijijini aliweza kulifungua kwa spana chache na kulifunga tena.

Ndiyo maana Landrova, hasa ile ya 109, imejijengea heshima isiyofutika. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati. Springi zake ni za majani, na jani moja likikatika huwekwa jingine. Injini yake yaeleweka kwa kutazamwa tu. Oktoba 2024, mamia ya Landrova yalipokusanyika Arusha katika tamasha lao, wengi waliona ni burudani. Sisi tuliona ni ushahidi wa jinsi kitu rahisi kinavyoweza kuishi muda mrefu. Hata hivyo, upendo wetu si upofu. Chesisi ya Landrova ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kimyakimya chini ya bodi isiyooza. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ina kiu kubwa kuliko nguvu zake. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huing'oa na kuweka injini ya dizeli ya Kijapani. Anayenunua Landrova aingie uvunguni na nyundo ndogo, agonge chesisi, asikilize.

Jambo la tatu ni hesabu ya kulimiliki gari baada ya kulinunua. Bei inayotangazwa Japani siyo bei ya Mbinga. Juu yake kuna nauli ya meli, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, na ushuru unaoongezwa kwa ukubwa wa injini na kwa uzee wa gari. Gari likishafika, kuna bima, tairi, oili na mafuta. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuuongeza ushuru wa mafuta. Maana yake ni kwamba gari linalokunywa sana hulipa zaidi kila linapotembea. Rai yetu ni kwamba asiyebakiwa na fedha ya tairi nne mpya na matengenezo ya mwaka mmoja, huyo bado hajafikia bei ya gari analolitaka. Anunue dogo zaidi, au angoje msimu mwingine.

La nne, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni breki. Vijiji vingi vya Umatengo viko juu ya meta 1,300, na ziwa liko kwenye meta 475 hivi. Tofauti hiyo yote gari huishuka kwa mzigo wa abiria na magunia. Dereva anayeteremka kwa kukanyaga breki muda wote huzipasha moto. Nayo mafuta ya breki yaliyozeeka, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, huchemka na kutoa mapovu. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Lami nzuri haikuiondoa hatari hii, bali imeiongeza, kwani imewafanya watu waende mbio. Dawa yake si ghali: mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo. Wazee husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Kuna watakaosema kwamba gari ni mali ya mtu binafsi, na kila mtu ana hiari ya kununua alipendalo. Mjini huenda wana haki. Katika vijiji vya mwambao, ambako magari ni machache, gari halibaki kuwa la mtu mmoja. Usiku mama akishikwa na uchungu, au mtoto akizidiwa na homa, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari, na safari ni ya kwenda hospitali ya Liuli. Saa hiyo hakuna atakayeuliza kama viti ni vya ngozi. Litakaloulizwa ni kama linawaka, kama lina mafuta, kama litavuka kijito, na kama breki zinashika.

Hivyo basi, twawashauri wasomaji wetu wanaohesabu fedha ya kahawa msimu huu: kabla ya kulipa, mtafuteni fundi mnayemwamini, siyo yule aliyeletwa na muuzaji, ingieni uvunguni, na mlijaribu gari katika mlima, si katika uwanja wa muuzaji. Kisha mjiulize kama lingefika nyumbani usiku wa Februari, mvua ikinyesha. Jibu likiwa hapana, fedha irudi mfukoni.