Goma: Gari la zamani likikataa kuwaka, pima batri na kable kabla ya kununua demarere

Asubuhi, katika kartie nyingi za mji wa Goma, si ajabu kukuta Land Cruiser ya miaka ya 1980 imesimama mbele ya parseli, shofere ndani, na vijana wanne nyuma wakiisukuma juu ya mawe meusi ya volkano. Ikiwaka, wote wanafurahi. Kesho yake kazi inaanza upya.

Mwenye gari mara nyingi amekwisha kata kesi: demarere imekufa. Anaitoa, anatafuta nyingine ya okazyo, analipa dola zake, anaifungisha, na gari linabaki kimya vilevile. Sababu ni kwamba ugonjwa haukuwa katika demarere. Ulikuwa katika batri, au katika kable ambayo ingesafishwa kwa dakika kumi.

Demarere inafanya nini?

Demarere ni motere ndogo ya umeme. Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo unafika kwenye solenoide, ambayo inafanya kazi mbili kwa mara moja: inasukuma kagurudumu kenye meno, kanachoitwa bendiksi, kashikane na gurudumu kubwa la motere, tena inafungulia njia umeme mkubwa kutoka kwenye batri.

Umeme huo ni mwingi sana. Taa mbili za mbele zinakula karibu ampere 10. Demarere ya gari dogo inaweza kuomba ampere 150 au zaidi, na motere kubwa ya mazutu inapita 300. Ndiyo maana taa kuwaka si ushahidi kwamba batri iko na nguvu. Kable iliyooza inaweza kulisha taa vizuri na ikashindwa kabisa kulisha demarere.

Sikiliza kwanza

Gari lenyewe linasema mahali linapoumwa. Likipiga tak-tak-tak ya haraka, batri ni dhaifu au vichwa vyake vimechafuka. Likipiga tak moja tu na taa zinafifia sana, umeme unafika lakini kuna kitu kimekwama, au batri haina nguvu ya kutosha. Likipiga tak moja na taa zinabaki kali, umeme haupiti kuingia ndani ya demarere: tazama solenoide, sharboni na kable. Demarere ikizunguka kwa sauti nyembamba bila motere kugeuka, bendiksi au meno yamekwisha. Kukiwa kimya kabisa, anza na batri, kisha fizibo, kontakti ya ufunguo na waya mdogo unaokwenda kwenye solenoide.

Batri, halafu kable

Kabla ya kupima, hakikisha gari lako linatumia volti ngapi. Coccinelle nyingi za kabla ya 1967 zinatumia volti 6, na jeep kadhaa za zamani za mazutu ziko na batri mbili zinazotoa volti 24. Namba zinazofuata ni za volti 12.

Batri iliyopumzika usiku mzima ikionyesha volti 12,6, imejaa. Ikionyesha 12,2, imebaki karibu nusu. Chini ya 12, ipeleke kwanza kwenye sharje. Kisha mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine atazame multimetre: volti zikianguka chini ya 9,6 ilhali batri imetoka kwenye sharje, batri hiyo imezeeka.

Batri ikiwa nzima, tazama vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Toa kable ya masi, yaani ile ya negatifu, ya kwanza, sugua kwa brosi ya waya mpaka chuma king'ae, kaza vizuri, na uirudishe masi ya mwisho. Usivute sigara karibu, kwa sababu batri inatoa hewa inayoweza kulipuka.

Masi yenyewe ndiyo inayosahauliwa zaidi. Motere inakaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme unahitaji kable ya kuurudisha kwenye batri. Katika barabara zetu za mawe, gari linatikisika kila siku, vise zinalegea, vumbi linaingia, na mvua inaleta kutu.

Kuipima ni rahisi. Weka ncha moja ya multimetre kwenye kichwa cha negatifu cha batri na nyingine kwenye chuma cha motere, kisha mwenzako ageuze ufunguo. Ikipita volti 0,5, masi ni mbaya. Kama huna multimetre, chukua kable nene ya kuazimia umeme, unganisha negatifu ya batri moja kwa moja na chuma cha motere. Demarere ikizunguka kwa nguvu, umepata ugonjwa bila kununua kitu.

Motere iliyokwama

Jambo moja zaidi kabla ya kulaumu demarere: je, motere inageuka? Toa ufunguo, weka gari nyetro, kisha geuza puli ya mbele ya motere kwa kle kubwa. Ikikataa, usiilazimishe. Gari lililopita ndani ya maji ya mvua linaweza kuwa na maji katika silinda, na nguvu itavunja vitu vya ndani.

Magari kama Peugeot 404 na Land Rover za kwanza yalikuja na nafasi ya manivele. Ndivyo madereva wengi walivyowasha magari hadi Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye demarere ya umeme, kazi ya Charles Kettering, kwa modeli za 1912. Ukitumia manivele leo, vuta kwenda juu, na weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Motere ikirudisha nyuma, inaweza kuvunja mkono.

Kama batri, kable na motere ni vizima, sasa mpelekee fundi demarere. Mara nyingi sharboni ndizo zimekwisha, na hizo zinabadilishwa bila kununua demarere nzima. Kuigonga kidogo kwa mpini wa nyundo kunaweza kukusaidia siku moja, lakini si matengenezo. Na usiunganishe demarere kwa turnevisi wakati gari liko katika vitesi: litaruka na kumkanyaga aliye mbele. Nyetro, breki ya mkono, mawe kwenye magurudumu.

Kwa nini hii si kazi ya kesho

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, usiku, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame. Watu wengi walishika barabara ya Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda. Wengi walikwenda kwa miguu, watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Siku ya namna hiyo, hakuna vijana wanne wa kusukuma. Kila mtu anashika mtoto wake. Gari linalozimika katikati ya barabara na kukataa kuwaka linafunga njia ya wote walio nyuma.

Volkano haitupi tarehe. Mpaka utengeneze, egesha gari lako likitazama mteremko. Na juma hili, kabla ya kutafuta demarere ya okazyo, fungua kofia, sugua vichwa vya batri na ushike kable ya masi kwa mkono. Ikicheza, ikaze.