Vagoni za zamani, viungio vipya: juu ya nini kazi hii ni nguvu kuliko inavyoonekana

Wakaaji wa Kalemie, Nyunzu, Kabalo, Kongolo na Kindu wanaijua ile sauti. Mashine ya treni inaanza kuvuta, kiisha mlio wa chuma unatoka mbele na kukimbia mpaka vagoni ya mwisho. Ni viungio vinavyokazana, kimoja kisha kingine.

Kiungio ni kile chuma kikubwa kwenye mwisho wa vagoni, kinachoishikanisha na vagoni ingine. Watu wengi hawakitazami. Lakini katika historia ya reli, chuma hicho kimekata mikono ya wafanyakazi wengi sana, na nchi kadhaa zimelazimika kukibadilisha kwenye vagoni zao za zamani.

Zamani walifungaje vagoni?

Huko Marekani, katika karne ya 19, vagoni zilifungwa kwa pete ya chuma na msumari mkubwa. Mfanyakazi alisimama katikati ya vagoni mbili, moja ikiwa inasukumwa kuja kwake. Alishika pete kwa mkono, akaiingiza katika tundu la vagoni ya pili, kiisha akaangusha msumari. Akichelewa kidogo tu kutoa mkono, vidole vimekwenda. Wengine walibanwa mwili mzima na kufa palepale.

Mwaka wa 1873, mtu mmoja wa jimbo la Virginia, Eli Janney, alipata hati ya uvumbuzi wa kiungio kinachojifunga chenyewe. Fikiria mikono miwili iliyokunja vidole na kushikana: ndiyo mfano wake. Vagoni zinagongana polepole, viungio vinashikana, hakuna mtu wa kusimama katikati. Wakati wa kuzitenganisha, mfanyakazi anainua fimbo akiwa pembeni.

Kama dawa ilikuwepo, juu ya nini walichelewa?

Sababu ya kwanza ni feza. Sababu ya pili ni kwamba kiungio hakifanyi kazi peke yake. Ukiweka kiungio kipya kwenye vagoni yako, na jirani yako amebaki na pete na msumari, hamtashikana. Tena vagoni zilikuwa zinazunguka kwenye reli za makampuni mengi. Kila kampuni ilingoja ingine ianze.

Lorenzo Coffin, mkulima wa jimbo la Iowa, alipigania jambo hilo kwa miaka mingi kisha kuona mfanyakazi akipoteza vidole. Mwishowe, tarehe 2 Machi 1893, Raisi Benjamin Harrison alitia sahihi sheria inayolazimisha viungio vya kujifunga pamoja na breki za upepo. Makampuni yalipewa muda, na muda huo ukaongezwa mpaka mwaka wa 1900.

Katika miaka hiyo ya katikati, vagoni za zamani na mpya zilitembea pamoja namna gani? Viungio vipya vilitobolewa tundu na kuachiwa nafasi ndani, ili pete na msumari wa zamani viweze kuingia. Kumbe kipya kilitengenezwa kwa kumkubali wa zamani kwanza.

Akili hiyo inatumiwa hata na Wamarekani wanaopenda treni ndogo za mfano, zile za kuweka juu ya meza. Wanaobadilisha viungio vya vagoni zao za zamani wanaweza kuanza na vagoni moja ya katikati: upande huu kiungio cha zamani, upande ule kipya. Tena wanapima urefu kutoka juu ya reli. Kiungio kimoja kikiwa juu na kingine chini, treni inaachana njiani.

Japani: siku moja tu

Japani ilichagua njia ingine. Kule reli nyingi zina upana wa milimita 1067, sawa na reli za SNCC hapa kwetu. Kwenye kisiwa cha Hokkaido walikuwa tayari na viungio vya Kimarekani, lakini sehemu zingine zilitumia ndoana na minyororo.

Maandalizi yalichukua miaka. Viungio vipya vilitengenezwa na kufungwa chini ya vagoni, vikatembea nazo vikingoja siku yao. Wafanyakazi walijifunza kazi mbele ya wakati. Tarehe 17 Julai 1925, treni za mizigo zilisimamishwa kwenye kisiwa cha Honshu, na vagoni zikabadilishwa. Siku tatu kisha hapo, ikawa zamu ya kisiwa cha Kyushu.

Umoja wa Kisovyeti ulifanya polepole: ulianza mwaka wa 1935 na kumaliza mwaka wa 1957. Na Ulaya ya Magharibi? Mpaka leo vagoni nyingi za mizigo zinafungwa kwa mkono, na mfanyakazi anainama kuingia katikati. Kubadilisha kunazungumzwa huko tangu zamani, lakini nchi ni nyingi, na hakuna anayeweza kubadilisha peke yake.

Sisi hapa tunapata nini katika hayo?

Mashariki mwa Kongo tunajua tayari kwamba vyuma visivyolingana havishikani. Reli za Maziwa Makuu zilijengwa kwa upana wa mita moja. Mwaka wa 1955 zilipanuliwa kuwa milimita 1067, na mwaka wa 1956 njia ya Kabalo mpaka Kamina ikaziunganisha na reli za Katanga. Bila kazi ile, mizigo ingepakuliwa na kupakiwa tena njiani.

Kwa hiyo wakati wowote vagoni zinapotangazwa, ziwe mpya au za kununuliwa zikiwa zimetumika, raia ana haki ya kuuliza zaidi ya hesabu yake. Viungio vyake ni vya aina gani? Urefu ni sawa na wa zile zilizopo? Nani atavikagua, na vipuri vitatoka wapi?

Na kwa mama wauzaji, vijana wabebaji na watoto wa karibu na stesheni: musipite katikati ya vagoni, hata kama treni imesimama, wala musikanyage kiungio ili kuvuka. Mashine ikivuta au ikisukuma kule mbele, nafasi ile inafunga kwa ghafula, na mwenye kuendesha hawezi kukuona. Zunguka mpaka mwisho wa treni. Ni mwendo mrefu, lakini utafika na mikono yako miwili.