Je, Wajua? Seli Zinazokufa Ili Nzi wa Matunda Azaliwe

Je, wajua kwamba wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozagaa juu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho ya Msambweni, na kwenye kata ya tembo huko mangweni, ni miongoni mwa viumbe waliochunguzwa zaidi na wanasayansi duniani? Jina lao la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, na asili yao ni Afrika hii hii. Kwenye joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa takriban siku 10. Ndani ya siku hizo maelfu ya seli zake hufa, tena kwa mpango.

Kufa huko si ugonjwa. Seli hupata amri, vimeng'enya vyake vyenyewe huikatakata kutoka ndani, kisha vipande humezwa na seli nyingine bila kuacha uvimbe. Mwaka 1994 watafiti nchini Marekani walitangaza jeni iitwayo reaper, mojawapo ya zile zinazoanzisha kazi hiyo. Mbili nyingine, hid na grim, ziko jirani nayo kwenye kromosomu ya tatu. Zikiondolewa zote tatu, kiinitete hurundika seli za neva kupita kiasi, kichwa hakijipangi, na kiinitete hakianguliwi kamwe.

Je, wajua kwamba funza wa nzi huyu hutengeneza gundi kwenye tezi zake za mate? Akikaribia kuwa pupa huitema ili ajibandike mahali pakavu. Basi tezi zimemaliza kazi. Saa kama 14 baadaye, homoni ya ekdaisoni ikishapanda mwilini, tezi zote mbili huvunjika zikatoweka. Ajabu ninayoiona kubwa kuliko zote ni hii: homoni hiyo hiyo, ndani ya pupa huyo huyo, ndiyo inayoyahimiza mabawa na miguu yakue. Ujumbe ni mmoja. Tishu moja huusikia ikafa, nyingine ikanawiri.

Jicho lake lina vijicho vidogo takriban 800, vimepangika kama sega la nyuki. Mpango huo haupatikani mpaka seli za ziada kama 2,000 zife.

Na bawa? Nzi akishatoka kwenye pupa na kulikunjua, seli zilizolijenga hufa ndani ya saa chache. Zinabaki tabaka mbili kavu zilizogandana. Seli hizo zisipokufa, bawa hufura malengelenge.

Misuli aliyoitumia kujisukuma nje nayo hufa, kwa kawaida ndani ya siku moja.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, walizuia kifo cha seli kwenye viungo vya kunusia vya nzi huyu? Seli zilizookolewa ziligeuka neva zinazonusa kweli, na zikajiunga na ubongo. Watafiti hao walionyesha pia kuwa kifo cha seli huchangia tofauti kati ya nzi huyu na mbu katika kuitambua kaboni dayoksaidi, ile hewa ya pumzi inayomfikisha mbu kwa mtu aliyelala. Kwa pwani yetu yenye malaria, hilo ni jambo la kufuatiliwa kwa makini.

Anayetoboa maembe yetu ya ngowe na boribo ni nzi mwingine, mkubwa kidogo. Huyo ni Bactrocera dorsalis; asili yake ni Asia, na mara ya kwanza kuonekana Afrika ilikuwa hapa pwani ya Kenya mwaka 2003. Funza wake hutoka ndani ya embe lililoanguka, hujichimbia udongoni na kuwa pupa, na huko mwili wa funza hubomolewa ili wa nzi ujengwe. Ndiyo maana wakulima huhimizwa kuyaokota mapema maembe yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina cha angalau nusu mita.

Je, wajua kwamba Unguja ilimaliza mbung'o kwa kutumia kifo ndani ya yai? Madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ya gamma. Mbegu zao zilirutubisha yai, lakini kromosomu zilikuwa zimekatika, hivyo kiinitete hakikufika popote. Zaidi ya madume milioni 8 walimwagwa kutoka angani kuanzia 1994, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Jike huzaa funza mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo kila mimba iliyoharibika ilikuwa hasara kubwa kwake. Aina hiyo hiyo ya mbung'o, Glossina austeni, ingalipo Shimba Hills huko Kwale, na Kwale haijazungukwa na bahari ya kuwazuia mbung'o wa vichaka vya jirani wasirudi.