Uchanja wa Uani na Zana za Kuujengea

Katika kata ya Kilole, mjini Korogwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, mahindi yavunwapo huanikwa uani. Joto la huko lafaa kwa kazi hiyo, lakini unyevu haufai. Nafaka ilazwayo juu ya ardhi tupu hufyonza maji ya udongo usiku na kuokota vijidudu vya kuvu mchana. Baadhi ya kuvu wa jamii ya Aspergillus hutoa sumukuvu, sumu isiyoondoka hata unga ukipikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo uchanja wa mbao, ulioinuliwa kiasi cha mita moja juu ya ardhi, si pambo la nyumba.

Mwenye nyumba aamuapo kujenga uchanja, swali la kwanza huwa ni zana zipi anunue. Jibu halipatikani dukani. Hupatikana kwa kuuliza kwanza uchanja utabeba nini.

Tuseme uchanja una urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na punje zimetandazwa juu ya mkeka kwa kina cha sentimeta 5. Ujazo wake ni 3 × 2 × 0.05, yaani mita 0.3 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya punje kavu za mahindi ina uzito wa karibu kilo 720. Basi mzigo ni kilo 216, sawa na magunia mawili na zaidi. Tena mtoto apandaye kuyageuza mahindi naye ana uzito wake.

Mzigo huo wote hushuka kupitia boriti hadi kwenye nguzo. Boriti ikipigiliwa ubavuni mwa nguzo, uzito huning'inia juu ya misumari miwili mitatu, na mbao zinaposinyaa kwa jua misumari hulegea. Nguzo ikikatwa pengo ili boriti ikae ndani yake, mbao hubeba mbao, na msumari hubakia na kazi ya kuzuia boriti isiteleze tu. Kwa sababu hiyo patasi nzuri, yenye upana wa sentimeta 2 au 3, hutangulia katika orodha, ingawa wanunuzi wengi huiacha ya mwisho. Kingo zake zinolewe kwa kinoo mpaka ziweze kumenya unyoya mwembamba wa ubao bila kupasua. Shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Makali yakiwa membamba, eneo hupungua, na mkono uleule hufanya kazi kubwa zaidi. Patasi butu humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo huteleza ikamkata.

Msumeno nao huchaguliwa kwa kuzingatia mti. Mbao za msindano, ambao mafundi wengi huuita paina, hutoka katika mashamba ya miti kama lile la Shume wilayani Lushoto. Ni laini na nyepesi, lakini mchwa huzipenda. Msaji wa Longuza, wilayani Muheza, una uzito wa karibu kilo 650 kwa mita ya ujazo, na kiini chake hustahimili mchwa. Weupe wa pembeni haustahimili. Hata hivyo msaji una chembechembe za silika, madini yaleyale ya mchanga, nazo hula meno ya msumeno upesi. Afadhali msumeno mmoja wa kukatia mbao kwa kukingama, pamoja na tupa ya pembetatu ya kuunolea, kuliko misumeno miwili bila tupa. Msumeno wa kupasulia hauhitajiki, kwa kuwa mbao huja zimekwisha pasuliwa.

Randa pia yaweza kungoja. Ni zana ya kupendeza, na kila mwanafunzi wa useremala huitamani, lakini sakafu itakayofunikwa mkeka haidai kung'aa.

Vipimo, kinyume chake, havina budi kuwa sahihi, na bahati njema ni kwamba vingi havina gharama. Ikiwa hakuna guni la kupimia pembe mraba, kamba yatosha. Hupimwa sentimeta 90 upande mmoja wa kona na 120 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa 150 kamili, kona ni mraba, kama kanuni ya Pythagoras isemavyo. Mahali pa pimamaji, mpira mwembamba unaopitisha mwanga hujazwa maji bila mapovu. Ncha moja huwekwa kwenye nguzo ya kwanza na nyingine kwenye nguzo ya pili. Maji hujipanga kwa usawa mmoja hata kama ardhi ina mteremko, na hapo ndipo nguzo hutiwa alama za kukatia.

Katika kupigilia sakafu, msumari uwe na urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa ubao: ubao wa inchi 1, msumari wa inchi 3. Karibu na ncha za ubao wa msaji ni lazima kutoboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari, la sivyo ubao hupasuka. Msumari wa inchi 4 ukisimamishwa kati ya ubao na ubao huacha nafasi ya karibu nusu sentimeta ya kupitisha hewa. Nyundo ya gramu 500 yenye makucha yatosha. Nishati ya pigo huongezeka mara nne kasi ikiongezeka mara mbili, hivyo nyundo nzito mno huchosha mkono bila faida.

Keekee za umeme na za betri huharakisha kazi, lakini kwa uchanja mmoja ni afadhali kuazima.

Oili chafu, ambayo wengi hupaka mbao kuzuia mchwa, isikaribie sakafu ya chakula. Nguzo zisimamishwe juu ya mawe au zege.

Kabla ya mavuno uchanja ujaribiwe. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 za maji. Ndoo 11 hufikia kilo 220. Zipangwe kwa usawa juu ya sakafu zilale usiku kucha, na asubuhi mpira wa maji utumike tena kuona kama kuna boriti iliyoshuka.