Ndoa Haifungwi Gizani

Katika riwaya ya Alessandro Manzoni, I promessi sposi, iliyotoka mwaka 1827, Renzo na Lucia wanamvamia padre Abbondio nyumbani kwake usiku. Bwana mmoja mwenye nguvu amemtisha padre asiwafungishe ndoa, nao wameamua kumshtukiza: kila mmoja atamke mbele yake, na mbele ya mashahidi wawili, kwamba amemtwaa mwenzake. Renzo anatamka. Lucia anapofungua kinywa, padre ananyakua kitambaa cha meza na kumfunika nacho uso asimalize.

Padre alikuwa na sababu ya kuhangaika. Zamani makubaliano ya wawili yalitosha kuwa ndoa, hata bila shahidi. Mwanamume akija kukana, mwanamke hana pa kushika. Ndipo Mtaguso wa Trento, kwa hati ya Tametsi ya Novemba 1563, ukaamua kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi wasiopungua wawili ni batili. Lakini paroko hakutakiwa kuridhia; kuwepo kwake kulitosha, hata akiviziwa. Mwanya huo uliziba mwaka 1907, Papa Pius wa Kumi alipoagiza kwa hati ya Ne temere kwamba padre mwenyewe aulize ridhaa ya maarusi na kuipokea bila kushurutishwa.

Kanuni ya 1108 ya sheria za Kanisa za 1983 inafuata njia hiyohiyo. Hata hivyo utaratibu huu umewekwa na Kanisa, na Kanisa laweza kuulegeza. Mahali ambapo padre hapatikani kwa mwezi mzima, mashahidi wawili peke yao wanatosha.

Kilimanjaro, ambako Wakatoliki na Walutheri ni majirani, tuseme binti Mkatoliki wa Kibosho anaolewa na kijana Mlutheri wa Machame. Wengi hudhani kibali anachohitaji kutoka kwa Kanisa ni kimoja, kumbe vyaweza kuwa viwili. Cha kwanza kinamruhusu kuolewa na mbatizwa asiye Mkatoliki. Binti anaahidi kulinda imani yake na kujitahidi kwa uwezo wake wote watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Kijana anajulishwa tu ahadi hiyo, na ni haki asilazimishwe kuapa dhidi ya dhamiri yake. Cha pili kinahitajika wakitaka mchungaji awafungishe usharikani: askofu amwondolee binti wajibu wa kufunga ndoa mbele ya padre. Kikikosekana hicho, ndoa ni batili kwa Kanisa Katoliki hata kama harusi ilijaza ukumbi. Inasikitisha pale watu wanapolijua hilo baada ya miaka, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza mapema.

Askofu akishatoa ruhusa, jambo moja halimo ndani yake: siri. Kanuni ya 1127 inadai ndoa hiyo ifungwe hadharani kwa namna fulani, ama sivyo haishiki. Kisha taarifa yake inarudi parokiani kwa binti, iandikwe kwenye kitabu cha ndoa na kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo.