Katuni Zilizoponea Kufungia Karanga

Siku ya soko pale Chwele, kaunti ya Bungoma, gazeti la juzi halina msomaji, lakini lina mnunuzi. Muuza karanga huuchana ukurasa vipande vinne, kila kipande akakiviringisha kuwa pembe, akakunja ncha ya chini na kumimina karanga za moto. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, karatasi kuukuu zimepata kazi zaidi. Mlaji akifika chini kabisa, kwenye chumvi na maganda, huenda akakuta nusu ya mtu: kichwa kilichochorwa, kiputo cha maneno, na sentensi iliyokatwa njiani.

Wengi hukunja karatasi hiyo na kuitupa. Kuna wachache ambao huinyoosha kwa kiganja na kuanza kuuliza kama muuzaji ana nusu ya pili. Hao ndio wakusanyaji wa katuni, na ugonjwa wao hauna dawa.

Huko Marekani ugonjwa huo umegeuka biashara kubwa. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana mara ya kwanza mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mnamo Aprili 2024 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Nakala za aina hiyo hukaguliwa na kampuni maalumu, zikapewa alama ambazo kilele chake ni 10, kisha zikafungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu. Anayetaka kuisoma hana budi kulivunja kasha, na akilivunja, alama imekwenda. Ni sawa na kununua ng'ombe wa gredi kisha ukaogopa kumkamua.

Katuni za Afrika Mashariki hazikuzaliwa kwa ajili ya kasha. Zilichapwa zisomwe, zigombaniwe na ndugu watano, zipite mkono kwa mkono mpaka jalada liachane na pini. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 vijana wa Kenya walikuwa wakimfuata Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara nene, katika jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum. Spearman hakuchorwa, alipigwa picha, na maneno yakabandikwa juu ya kila picha. Mwaka 1973 mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst wakaanzisha Joe, jarida la kuchekesha lililomchungulia mwananchi wa kawaida mjini akihangaika na kodi ya nyumba, bosi na bia. Lilidumu hadi 1979. Anayelishika leo hupata ndani ya kurasa chache jinsi watu walivyovaa, walivyotongozana na walivyolalamikia bei, mambo ambayo vitabu vya historia huyaruka.

Hirst hakuishia hapo. Miaka ya 1980 alikuwa nyuma ya mfululizo wa Pichadithi, uliochora ngano za Kenya, ikiwemo ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. (Mango wa Wabukusu, aliyemuua joka pangoni na hivyo kuanzisha tohara ya watu wake, angejaza kurasa nyingi zaidi, lakini hayo ni malalamiko ya upande huu wa Mlima Elgon.) Mwaka 1996 kampuni ya uchapishaji ya Sasa Sema ikaja na vitabu vya katuni kwa Kiswahili, kikiwemo Abunuwasi cha Gado, Mtanzania anayejulikana zaidi kwa kuwachora wanasiasa wakiwa na matumbo na mapua yasiyo yao.

Kisha kuna katuni ya Shujaaz, ambayo ndiyo kipimo kizuri cha raha na shida ya ukusanyaji. Ilianza mwaka 2010, ikisimulia habari za Boyie, kijana aliyemaliza shule bila kupata kazi, akajiundia kituo cha redio chumbani mwake na kujiita DJ B. Maneno yake ni ya Sheng. Nakala zake zilitolewa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 kazi hiyo ikatunukiwa Emmy ya kimataifa. Sasa fikiria mtu anayetaka kuwa na matoleo yote ya mwanzo. Zilichapwa nakala nyingi mno, zikafika kila kona ya nchi, na kwa sababu hazikulipiwa hata shilingi, hakuna aliyeona haja ya kuziweka. Toleo lililokuwa kila kibanda cha Kitale mwezi mmoja, mwezi uliofuata lilikuwa limefungia mandazi.

Kwa hiyo raha ya kwanza ya mkusanyaji ni ya kuokoa. Hupekua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia, kati ya Biblia zisizo na majalada na vitabu vya mitihani ya mtaala uliopita, na vidole vyake huitambua karatasi ya katuni kabla ya macho. Raha ya pili ni ya kuunganisha: hadithi iliyokatikia kwenye toleo la nne huku la tano halijulikani liliko, kisha siku moja la tano likatokea kwa kinyozi, limewekewa wateja wanaosubiri zamu. Bei hapo ni maelewano. Kinyozi akigundua kwamba mteja anatetemeka, bei inapanda.

Shida huanza nyumbani. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho lignini, ambacho kikikutana na mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya manjano na kuvunjika kama chapati ya jana. Kwenye mvua za Bungoma unyevu huongeza ukungu. Halafu kuna mchwa. Watu wa Chwele hula kumbikumbi kwa hamu mvua zinapoanza. Mchwa waliobaki kichuguuni hulipa kisasi kwa kupanda mguu wa meza na kula sanduku zima kutoka chini, wakiacha jalada la juu likiwa safi ili mwenyewe asishtuke mapema.

Makosa makubwa zaidi, hata hivyo, hufanywa na mapenzi. Mtu hubandika ukurasa uliochanika kwa selotepu, na baada ya miaka michache gundi inaacha doa la kahawia lisilotoka. Mwingine hupeleka jalada likafanyiwe lamineti. Moto na plastiki vikishapita, hakuna kurudi nyuma. Njia iliyo salama ni ya kishamba kabisa: sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, chumba kikavu kisicho na jua, nakala zimelazwa bila kukunjwa, kila moja ndani ya folda ya plastiki isiyonata wala kunuka. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya visitupwe.

Mtego mwingine ni tamaa. Anayesikia habari za dola milioni 6 hudhani kila katuni ya zamani ni shamba la urithi. Wamarekani wenyewe walishaumia kwa hesabu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walinunua katuni mpya kwa mabunda wakitegemea kuziuza ghali baadaye. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 pekee lilipita nakala milioni 8. Kitu ambacho kila mtu amekiweka akiba hakiwezi kuwa adimu. Soko likaporomoka, maduka yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Superman wa 1938 ana bei kwa sababu watoto wa wakati ule walimsoma mpaka akachakaa.

Na wapo wanaoona njia ya mkato: kupiga picha kila ukurasa na kuusambaza kwa simu. Kujiwekea nakala ya tahadhari ni jambo moja, kuisambaza ni jingine. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kuwachorea Wakenya katuni za Golgoti na Akokhan, alifariki katika ajali ya matatu mnamo Aprili 2012. Michoro yake inalindwa mpaka mwisho wa 2062.

Adui wa mwisho ni msiba. Mwenye sanduku akifa, jamaa hufungua, wakaona magazeti, wakauza kwa kilo. Kitale ina mfano wa aliyekwepa hilo. Hugh Stoneham alikusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni, akafungua jumba lake la makumbusho mwaka 1926, na kabla ya kufariki mwaka 1966 aliandika wosia ulioiachia nchi mkusanyiko wake pamoja na fedha za kujengea jengo jipya. Jengo hilo lilifunguliwa Desemba 1974, na ndilo Makumbusho ya Kitale ya leo. Mwenye Joe au Shujaaz za mwanzo chini ya kitanda hahitaji wakili: aandike jina la atakayezichukua kwenye kikaratasi, akibandike ndani ya kifuniko cha sanduku, na amwambie mtu huyo leo.