Metifomini na Ini Lililoathiriwa na Pombe: Mipaka ya Ushahidi katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Makala haya yanafafanua iwapo metifomini, dawa ya kisukari, inaweza kutumika kutibu ini lililoharibiwa na pombe kwa mgonjwa asiye na kisukari. Swali hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Metifomini ni kidonge cha bei nafuu kilichoanza kutumiwa na wagonjwa nchini Ufaransa mwaka 1957, nacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Tanzania. Kwa upande mwingine, katika makazi ya wachimbaji wadogo gongo hunywewa licha ya kukatazwa kisheria, na marufuku ya viroba ya mwaka 2017 haikuondoa pombe kali. Katika mazingira hayo, kishawishi cha kutumia dawa iliyo karibu kabla ya ushahidi kukamilika huwa kikubwa.

Pombe huharibu ini kwa hatua. Mafuta hujikusanya katika seli, kisha hufuata uvimbe, makovu na hatimaye sirosisi, yaani hali ya ini kukakamaa na kushindwa kazi. Hatua ya mafuta hurekebika mnywaji anapoacha pombe, ilhali sirosisi kwa kawaida hairudi nyuma. Alkoholi hudhoofisha kimeng'enya cha AMPK, ambacho huzuia utengenezaji wa mafuta katika ini na kuchochea uunguzaji wake. Metifomini hukiamsha kimeng'enya hichohicho, na huo ndio msingi wa kinadharia wa kuipendekeza.

Ushahidi uliopo, hata hivyo, ni finyu. Mwaka 2006 watafiti walionesha kwamba metifomini iliwakinga panya dhidi ya madhara ya pombe kwenye ini. Kwa binadamu, utafiti wa Mayo Clinic, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahusu wagonjwa 250 wenye sirosisi. Nusu ya walioendelea na metifomini baada ya kugundulika na sirosisi waliishi zaidi ya miaka 11.8, ikilinganishwa na miaka 5.6 kwa walioiacha. Lakini wagonjwa hao wote walikuwa na kisukari, na hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Huenda waliokuwa na nafuu ndio walioendelea kupewa dawa.

Pamoja na ufinyu huo, ipo hatari. Metifomini na alkoholi, kila moja kwa njia yake, hupunguza uwezo wa ini wa kuondoa asidi ya laktiki mwilini. Zikikutana, asidi hiyo yaweza kujilimbikiza hadi kusababisha kifo. Kwa sababu hiyo, maelezo ya dawa huonya dhidi ya unywaji wa kupindukia na dhidi ya matumizi kwa mtu ambaye ini lake limedhoofika. Hivyo basi, mgonjwa anayekusudiwa kutibiwa ndiye huyohuyo anayetahadharishwa.

Mazingira ya uchimbaji huongeza mambo mawili. La kwanza ni figo. Metifomini hutolewa mwilini kupitia figo, na haipaswi kutumiwa uchujaji wake unaposhuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Katika maeneo kama Lwamgasa, zebaki hutumika kunasia dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa. Mvuke wake huweza kudhuru figo bila mchimbaji kujua. La pili ni utambuzi wa chanzo. Kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, huacha makovu kwenye ini na kusababisha kutapika damu. Homa ya ini aina ya B nayo huleta sirosisi. Mchimbaji mwenye tumbo lililojaa maji akihesabiwa kuwa mlevi tu, hukosa prazikwanteli au dawa za kudhibiti virusi ambazo zingemsaidia.

Kwa kuzingatia hayo, metifomini haistahili kutolewa kama tiba ya ini la mnywaji nje ya utafiti uliodhibitiwa. Utafiti wa namna hiyo katika ukanda huu ungepaswa kupima kwanza kreatinini, kichocho na homa ya ini B, na kuwahusisha walioacha pombe pekee. Hadi hapo, kumsaidia mgonjwa kuacha pombe ndiyo tiba yenye ushahidi ulio imara zaidi.